Mpira Alioutoa Komujuni

Kwa Rwegasira,
Nyaishozi,
Karagwe.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Evangelina,

Pokea salamu nyingi kutoka jikoni kwangu, maana mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani na nimesogea karibu na moto ili mkono usiganze nikiandika. Hujambo, mama? Shemeji Cleophace hajambo? Ule mguu alioumia alipoanguka na pikipiki umepungua uvimbe, au bado anachechemea na kujifanya mzima? Na Mugisha, bado vumbi la Tunduru linamkohoza, au ameshalizoea?

Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Rwegasira mgongo unamsumbua akiinama sana, lakini unamjua, ukimwambia apumzike ndiyo kwanza anachukua jembe. Migomba ya upande wa chini ilishikwa na mnyauko, tukaing'oa yote na kuichoma. Nililia siku ile, maana ni migomba aliyoipanda mama mkwe kwa mikono yake. Sasa pale tumepanda maharage, na yameota vizuri.

Senene wameanza kuanguka wiki hii. Nimekukaangia nikakufungia kopo zima, Mchungaji Benjamin atakuletea pamoja na barua hii. Anakuja Songea kwenye semina na ameahidi kufika mpaka kwako. Wale ni wako na Mugisha. Shemeji kama bado anawaona ni wadudu, msimlazimishe.

Sasa nije kwenye neno lililonishikisha kalamu. Mwezi wa nane ulinipigia simu ukaniuliza, "Dada, mmemfukuza mwanangu?" Nikaanza kulia, na wewe ukaanza kulia, kisha mtandao ukakata. Tangu hapo tumezungumza mara nyingi habari za mvua na za kanisa, lakini lile swali kila mmoja wetu amekuwa akilipita pembeni. Kwa simu nitalia tena, kwa hiyo acha nikuandikie.

Hapana, mdogo wangu. Hakuna aliyemfukuza Komujuni. Lakini aliondoka katika nyumba hii bila kuagana na Vero wangu, hilo ni kweli, na linaniuma hata sasa ninapoliandika.

Unakumbuka ulipohamishiwa zahanati ya huko, Komujuni akakataa kubadilisha shule, ukaniachia. Wewe uliogopa atakuwa mpweke. Waitu, hakupata hata nafasi ya kuwa mpweke! Yeye na Vero walilala chumba kimoja, wakavaa nguo za kuazimana, wakagombania kioo kimoja. Watu wa hapa senta waliacha kuuliza yupi ni wangu na yupi ni wako. Na jioni wote wawili walikwenda uwanjani kwa Mwalimu Placidius, yule anayefundisha timu ya wasichana ya kata.

Mimi mpira nilikuwa siujui. Nilianza kwenda kuwatazama kwa sababu ya kuwahimiza warudi mapema kumenya ndizi, mwisho nikajikuta nami nasimama pembeni napiga kelele kuliko vijana wa bodaboda. Na jambo ambalo watu wote wa Nyaishozi walilibishania ni hili: kati ya hawa wawili, nani apige penalti?

Mwalimu Placidius alining'iniza tairi bovu la pikipiki kwenye kona ya goli, juu kabisa. Tairi lenyewe nililitoa mimi, nilikuwa nimepandia mboga. Vero alikuwa anaupitisha mpira ndani ya tairi lile kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Jioni hadi jioni, hakosi. Alikuwa anaweza kukwambia kabisa, "Mama, huu unapita bila kugusa," na usiguse. Komujuni wako alikuwa kichekesho. Mmoja unagonga nguzo, mwingine unapaa juu ya mtambaa panya mpaka kwenye kibanja cha jirani, na jirani alishachoka kuturudishia mipira.

Lakini siku ya mechi mambo yanageuka. Watu wakijaa na kelele zikianza, Vero anabadilika rangi. Tulipocheza na wasichana wa Rugu alipiga penalti tukiwa tunaongoza kwa mbali, akaiweka pale pale kwenye kona yake. Mechi nyingine tulikuwa sare, akapewa, akaupiga chini polepole, kipa akaudaka kama anayeokota yai. Komujuni kwenye mechi hakuwa na mbwembwe. Anauweka mpira, anafunga kamba ya kiatu hata kama haijafunguka, anavuta pumzi, anapiga. Unaingia. Siyo kwenye kona ya kupendeza, lakini unaingia.

Siku moja nilimuuliza Mwalimu inakuwaje. Akaniambia, "Mama Vero, mguu wa Vero hauna mfano katika wilaya hii. Shida yake ni moja, filimbi ikilia tu anakimbilia mpira. Anataka jambo liishe. Komujuni haukimbilii mpira. Yeye anaweza kusimama pale mpaka mwamuzi amkumbushe." Nikamuuliza na Komujuni mwenyewe, tukiwa tunachambua maharage, haogopi zile kelele? Akacheka, "Mama mkubwa, mimi nadhani wanamwita mtu mwingine."

Basi Mwalimu akaamua: kwenye mechi anayepiga ni Komujuni. Vero alinuna siku chache, halafu yakaisha. Ndugu wa chumba kimoja wananuna mpaka lini?

Fainali ya mashindano ya wasichana ya mwaka huu ilichezwa kule Kyerwa, Songambele, mwezi wa saba, dhidi ya wenyeji wenyewe. Tulikwenda kwa lori, wanakwaya na vijana na wazee. Kabla ya siku hiyo zilikuwa zimeenea habari kwamba kocha mmoja mwanamke, anaitwa Nikuze, anakuja kutoka Mwanza kutafuta wachezaji wa timu yake. Vero hakulala wiki nzima. Unajua mtoto huyu tangu mdogo alitaka kuwa mchezaji na si kitu kingine. Komujuni yeye mpira ulikuwa furaha tu, alichotaka ni uuguzi kama wewe. Alikuwa amebandika ukutani ile picha yako ukiwa na sare ya kazi.

Mechi ilikuwa ngumu. Tulifunga, wakarudisha. Vero siku ile miguu ilikuwa mizito, kila pasi inakwenda kwa adui, nami nilimwona anavyomwangalia yule mgeni kila akikosea. Dakika zikiwa zimekaribia kuisha, beki wao akamwangusha mchezaji wetu ndani ya kumi na nane. Mwamuzi akaonyesha penalti. Evangelina, nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Komujuni akauchukua mpira, akaenda nao mpaka kwenye alama. Sisi tulikwisha kuanza kushangilia, kwa sababu tulijua. Halafu tukamwona anageuka. Akarudi nyuma kwa Vero, akamwekea mpira mikononi, akamwambia maneno. Mwalimu Placidius alikuwa anapiga kelele pembeni, "Komujuni! Wewe! Piga wewe!" Yeye hakugeuka. Baadaye ndipo nilipoambiwa alichosema. Alisema, "Piga wewe, dada. Mgeni anatazama."

Alitaka Vero aonekane. Ndicho alichokuwa nacho moyoni, hakuna kingine, na mimi niliyekaa naye miaka yote hii nakuapia. Alimpenda nduguye akampa kitu kizuri alichokuwa nacho mkononi.

Vero akauchukua. Akaenda peke yake, mgongo wake umekakamaa. Filimbi ilipolia ikamkuta ameshaondoka, anakimbia. Kipa hata hakuruka, mpira ulimfuata kifuani. Akaurusha mbele haraka, wetu wote walikuwa wamepanda, wenzake wakatukimbia na kwenda kufunga. Mpira ukaisha hapo. Wenyeji wakaingia uwanjani na ngoma. Vero alikuwa bado amesimama kwenye ile alama.

Yangeishia hapo ningeyavumilia. Mpira ni mpira. Lakini kocha Nikuze akamwendea Mwalimu, nami nilikuwa karibu kwa sababu nilikuwa nimemshikia Vero maji. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu aliyeutoa mpira nimemtazama mchezo mzima. Ametulia. Namtaka huyu." Mwalimu akajaribu kumweleza habari za Vero, na tairi, na mguu. Mama wa watu akasikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, wenye miguu mizuri ninao."

Vero alisikia. Nilimwona anavyosikia.

Kwenye lori hakuna aliyeimba. Komujuni alikaa karibu na Vero, akamshika mkono, Vero akautoa. Tulipofika nyumbani nikapakua matoke, tukakaa kula. Hakuna aliyekuwa na njaa ila Rwegasira. Ndipo Vero akasema, bila kuinua macho, "Ulijua nitakosa."

Komujuni akauliza, "Nini?"

"Ulijua nitakosa. Wote mnajua mimi huwa nakosa. Ndiyo maana ukanipa, ili wewe uonekane mwenye roho nzuri."

Rwegasira akaacha kula. "Vero! Mwombe ndugu yako msamaha."

"Siombi."

Nikamtazama Komujuni nikitegemea atabisha, atakasirika, hata atupe sahani. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alikuwa ametoa macho kama mtu aliyepigwa na mtu asiyemtegemea. Akasema tu, "Dada, mimi?" Akanyanyuka akaenda kulala.

Baba yao alisema na Vero mara nyingi, nami nilisema naye. Mwalimu Placidius alikuja. Hakuna aliyefaulu. Na watu wa senta nao wakatia kuni. Wengine wakamcheka Vero kila akipita. Wengine, ambao ni wabaya zaidi, wakasema mtoto wa kuletwa amemchimbia shimo mtoto wa nyumbani. Mtoto wa kuletwa! Komujuni aliyasikia yote. Lile neno nadhani ndilo lililomchosha.

Kwanza alikataa kwenda Mwanza. Kocha Nikuze alipiga simu akasema chuo cha uuguzi hata huko kipo, atasoma huku anacheza, na wewe na shemeji mkakubali, lakini mtoto akasema hapana. Nilijua sababu. Alitaka Vero amwambie nenda, au amwambie baki, lolote, ila aseme kwa moyo. Vero alikuja kusema siku moja akiwa mlangoni na ndoo ya maji: "Nenda. Ulichokitaka umekipata." Kesho yake Komujuni akaanza kufunga nguo zake.

Mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka Kayanga kupanda basi. Vero alikuwa ameamka mapema akaenda kibanjani kukata majani makavu ya migomba, na alikuwa anayasikia yote, maana kutoka pale hadi mlangoni si mbali. Komujuni alisimama uani na begi lake akiangalia upande ule. Panga lilikuwa linasikika. Halikunyamaza. Akaniambia, "Twende, mama mkubwa, tutachelewa."

Ndivyo alivyoondoka. Ndipo uliponipigia.

Ukanilaumu, na mimi sikulaumu kwa kunilaumu. Uliniachia mtoto anayecheka na ulipompigia simu kule Mwanza ukampata anayejibu "ndiyo" na "hapana". Lakini nami nina mtoto mwingine ndani ambaye alikuwa haongei hata hayo mawili. Lile tairi Vero alilikata kamba akalitupa. Uwanjani hakurudi.

Mwezi uliopita kocha Nikuze akampigia Mwalimu, naye akaja hapa kutueleza. Anasema Komujuni anacheza vizuri sana, ana adabu, chuoni ameanza. Ila kuna jambo moja haelewi. Timu ilipata penalti wakampa mpira apige, kwa kuwa wote walishaambiwa ni mtulivu. Akauweka chini, akasimama, akasimama, kisha akauacha pale akatoka. Mechi iliyofuata ikawa vile vile. Kocha alikuwa anauliza, huyu mtoto kwani ana nini?

Vero alikuwa anamenya ndizi wakati Mwalimu anaeleza. Kisu kikasimama. Akauliza, "Komujuni ameacha penalti?" Mwalimu akamwambia ndiyo. Hakumaliza ndizi zile. Jioni akaja akaniomba simu.

Simu yangu haisikiki bila kuwekwa sauti kubwa, kwa hiyo niliyasikia yote, na ninayaandika kama yalivyosemwa.

Vero alisema, "Komu, ni mimi."

Kule akajibu, "Shikamoo, dada." Alimwamkia, Evangelina. Hawajawahi kuamkiana wale, wamepishana mwaka mmoja.

Vero akaanza kulia. "Nilikosea. Ulinipa kwa moyo mzuri nami nilijua. Hata siku ile nilijua. Nilikuwa na aibu nikatafuta pa kuitupa. Nisamehe."

"Nilishakusamehe."

"Basi kwa nini hupigi penalti? Unanikomoa?"

"Sikukomoi," Komujuni akasema. Alikuwa anaongea polepole, vile alivyo. "Sina hasira, dada. Ila nikifika pale kwenye alama nakuona mgongo wako unakwenda. Nilipouona mgongo ule nilijua utakosa, na sikukurudisha. Nakuona mpaka mguu unakataa."

Nilichukua simu nikamsalimu mwanao, nikamwambia tunampenda. Akanijibu, "Nami nawapenda, mama mkubwa." Ilikuwa sauti ya kweli, hiyo nakutuliza nayo.

Wiki mbili zilizopita Vero alikwenda Mwanza na Mwalimu. Baba yake aliuza mikungu akamwambia nenda, usirudi na kinyongo. Komujuni alikuja kumpokea stendi, wakakumbatiana, wakalala kitanda kimoja hosteli kama zamani. Vero ameniambia walizungumza mpaka sauti zikawakauka. Aliona chuo chake, aliona picha yako imebandikwa ukutani. Kesho yake akaenda kumtazama akicheza, akakaa nyuma ya goli.

Na penalti ikapatikana. Wenzake wakamwita Komujuni. Vero akasimama kule nyuma ili aonekane, akampungia mikono yote miwili, akapiga kelele, "Komu, piga! Mimi niko hapa!" Komujuni alimwona. Vero anasema alitabasamu kabisa. Akauchukua mpira, akautazama, halafu akampa msichana mwingine, akarudi nyuma kwenye mstari na wenzake. Yule msichana akafunga, na Komujuni akawa wa kwanza kumkimbilia.

Vero amerudi mwepesi, anakula, anaimba, anazungumza na nduguye kila jioni mpaka namnyang'anya simu. Kwa hilo namshukuru Mungu kwa machozi. Lakini juzi nilimwambia arudi uwanjani, Mwalimu anamngoja, wapo watoto wa kufundishwa. Akaniambia atarudi kucheza. Kisha akaniambia, "Ila mama, penalti sipigi tena. Na Komu hapigi. Tumepatana, lakini hilo limekwenda."

Nimekaa nikalifikiria neno hilo mvua ikinyesha. Katika nyumba hii tulikuwa na mmoja asiyekosa na mmoja asiyetetemeka, wanalala kitanda kimoja, na watu wakibishana nani bora. Leo hatuna hata mmoja wa kuupiga. Tumepata watoto wetu, mdogo wangu, na nimeridhika, lakini kuna kitu kilichokuwa kizuri mno nacho sitakiona tena, na kila nikipita uwanjani jioni nakitafuta.

Mpigie Komujuni. Usimuulize habari za penalti. Muulize masomo.

Nisalimie sana shemeji Cleophace na mwanangu Mugisha. Wewe unasalimiwa na Rwegasira, na Vero ambaye anasema "shikamoo, mama mdogo" na kwamba atakuandikia mwenyewe akipata ujasiri, na mama zetu wote wa kwaya ambao bado hawajapata sauti ya tatu ya kuchukua nafasi yako. Mungu awafunike huko mliko, aitulize mikono yako unapopokea watoto wa watu, na atujalie tule tena sahani moja, sisi na hao wawili.

Ni mimi dada yako nisiyeacha kukupenda,

Immaculata